Kabati la mhami si kuni: fundi wa kulitengeneza naye ahesabiwe

GOMA – Familia inaporudi kijijini baada ya miezi au miaka ya kukimbia vita, kwanza huhesabu watu waliobaki hai. Baadaye huhesabu mabati, milango, mbuzi na mipaka ya shamba. Kabati halimo katika hesabu hiyo. Likikutwa bado lipo, mlango umeng'oka, mbao zimelowa na mguu mmoja umeoza, mtu wa kwanza kulitazama husema kwamba litafaa kuni. Na kweli, makabati mengi ya Masisi, Rutshuru, Nyiragongo na Kalehe yameishia chini ya sufuria.

Hilo ni kosa, na ni kosa lenye gharama. Kabati la mbao ngumu lililovunjika mara nyingi linaweza kusimama tena kwa kazi ya siku chache, gundi kidogo, bawaba mbili na kipande cha mbao. Mtu wa kulisimamisha yupo karibu: ni seremala wa mtaani, ambaye pengine naye ni mhami. Lakini katika mipango ya kusaidia wanaorudi, fundi huyo hana nafasi. Anahesabiwa anayegawa turubai, anayeleta sufuria na blanketi, anayechimba choo. Seremala anayetengeneza vitu vya zamani hahesabiwi, na wakati umefika ahesabiwe.

Kabati linabeba nini

Anayeona kabati kuwa ni pambo la nyumba hajafungua droo zake. Katika nyumba nyingi za mashariki mwa Kongo, kabati ndilo mahali pekee penye kufuli ndani ya nyumba. Humo hulala kadi ya uchaguzi, ambayo raia wengi huitumia kama kitambulisho. Humo hulala diploma ya Serikali ya mtoto aliyemaliza masomo, karatasi ya shamba, karatasi za kuzaliwa za watoto, daftari la ushirika. Upande wa chini hulala unga na maharagwe, mbali na panya. Na kwa mama wengi, kabati la vyombo ni kitu cha kwanza kilichoingia nyumbani walipoolewa.

Nyumba isiyo na kabati hutafuta njia nyingine. Karatasi huwekwa ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko hutundikwa kwenye msumari au hufichwa chini ya godoro. Mvua moja inatosha, au mtoto mmoja anayetafuta karatasi ya kuwashia moto. Anayepoteza karatasi ya shamba ataanza kugombana na jirani. Anayepoteza diploma atashindwa kuomba kazi. Anayeweka unga sakafuni atagawana na panya. Kwa hiyo swali la kabati si swali la urembo. Ni swali la mali ndogo ambazo familia iliyorudi bado inazo, na mahali pa kuzilinda.

Kinachovunja kabati ni safari na maji

Watu husema kabati limeharibika kwa sababu ni la zamani. Si kweli kila mara. Makabati mengi ya wahami yaliharibiwa na mambo mawili: safari na maji.

Wakaaji wa Goma wanaijua safari. Waliijua tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 2002, volkano ya Nyiragongo ilipopitisha moto katikati ya mji. Waliijua tena tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021, na siku chache baadaye, watu walipoambiwa wahame wakaelekea Sake, Minova na ng'ambo ya mpaka. Waliijua mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilipofika mjini na kambi kama Bulengo na Lushagala zikabaki tupu katika siku chache, familia zikibeba kilichobebeka. Katika safari kama hizo kabati hupakiwa likiwa limelala, juu yake magodoro, juu ya magodoro watoto. Barabara ina mashimo. Kila shimo linavuta maungio, na skrubu huzunguka ndani ya tundu lake mpaka hazishiki tena. Kabati linafika likiwa bado zima kwa macho, lakini ukilisukuma kwa kidole linayumba.

Maji nayo hufanya kazi yake kimya. Waliopitia mafuriko ya Uvira mwezi wa nne mwaka 2020, au yale ya Bushushu na Nyamukubi katika Kalehe mwezi wa tano mwaka 2023, yaliyoua watu zaidi ya 400, hawahitaji kufundishwa. Lakini hata bila mafuriko, nyumba iliyoachwa ikang'olewa mabati inanyeshewa msimu mzima. Mbao inavimba. Triplex, ile mbao ya tabaka tabaka zilizogundishwa pamoja, inafumuka kama kitabu kilicholowa. Miguu iliyosimama juu ya udongo inaoza kuanzia chini.

Magonjwa haya mawili si ya Kongo peke yake. Ulaya na Marekani kuna magari yaliyojengwa kama nyumba, yenye kitanda, jiko na makabati ya mbao ndani yake. Kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilianza mwaka 1951 kuweka vyombo vya namna hiyo ndani ya magari ya Volkswagen. Leo magari hayo ya zamani yana wapenzi wanaotumia miezi mingi kutengeneza makabati yake. Wanachokuta ndani ni kile kile anachokikuta seremala wa Sake: maji yamepenya kwenye paa na pembeni mwa madirisha, triplex imefumuka, skrubu zimelegea kwa mtikisiko wa barabara. Hawayachomi. Wanayafungua kipande kwa kipande, wanayakausha, wanagundisha, wanabadilisha palipooza tu. Kabati likisimama vizuri, thamani ya gari inapanda na mwenye gari anajivuna. Huku kwetu anayepeleka kabati la zamani kwa fundi huchekwa kwamba hana pesa ya kununua jipya. Mbao inaharibika kwa namna moja huko na huku, ila huko anayeitengeneza anaheshimiwa.

Kazi yenyewe inavyofanyika

Inafaa familia zijue kazi hii inavyokwenda, hata kama hazitaifanya zenyewe, ili zisidanganywe na zisiharibu kilichobaki kabla fundi hajafika.

Jambo la kwanza ni kukausha, na kukausha ni kivulini. Kabati lililolowa likiwekwa kwenye jua kali linapasuka, hasa la mikaritusi, mti unaopasuka upesi. Liwekwe juu ya mawe, hewa ipite chini, milango na droo zifunguliwe. Linaweza kuhitaji wiki kadhaa. Hapa ndipo wengi hukosea: mlango uliovimba unagoma kufunga, basi wanachukua randa na kuupunguza. Mbao huvimba na kusinyaa kwa upana wake, karibu si kwa urefu. Mlango uliorandwa ukiwa umelowa, ukikauka utaacha mwanya ambao panya atapitia. Usubiriwe ukauke, pengine utafunga wenyewe.

Jambo la pili ni kufungua maungio yaliyolegea, si kuyapigilia misumari. Msumari mrefu unaopigwa kwenye ungo lililolegea hushika kwa wiki chache, halafu unapasua mbao, na fundi wa kesho anakuta kazi mara mbili. Seremala mzuri hugonga polepole, akiweka kipande cha mbao kati ya nyundo na kabati, na kabla ya kutenganisha huweka alama kwa kalamu: hiki cha kushoto, hiki cha kulia. Kisha hukwangua gundi ya zamani kwa patasi au kisu mpaka mbao ionekane. Gundi nyeupe mpya haishiki juu ya gundi kavu ya zamani. Fundi anayemimina gundi juu ya gundi anauza maneno.

Jambo la tatu ni kubana. Gundi isiyobanwa haina nguvu. Asiye na vyuma vya kubania anaweza kutumia kamba iliyofungwa kuzunguka kabati na kukazwa kwa kijiti kinachosokotwa, au vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, ambavyo hubana vizuri na havikwaruzi mbao. Kabla gundi haijakauka, fundi apime kutoka pembe ya juu kushoto hadi pembe ya chini kulia, halafu pembe zile nyingine mbili. Vipimo viwili vikilingana, kabati limenyooka. Visipolingana, milango haitafunga hata ikibadilishwa bawaba mara kumi. Likishanyooka, liachwe siku nzima bila kuguswa.

Jambo la nne ni bawaba. Mara nyingi bawaba ni nzima, tundu la skrubu ndilo lililopanuka. Vijiti vyembamba vya mbao vyenye gundi vinajazwa ndani ya tundu, vinakatwa usawa wa mbao, na baada ya kukauka skrubu inashika kama siku ya kwanza. Kazi hii haihitaji hata kununua skrubu mpya.

Jambo la tano ni mguu uliooza. Ukatwe mpaka mbao nzima ifikiwe, halafu uungwe kwa mkato wa mshazari, mrefu, pande mbili zikilaliana. Anayekata wima na kugundisha kichwa kwa kichwa anajisumbua, kwa sababu gundi haishiki vizuri kwenye kichwa cha mbao. Triplex iliyofumuka pembeni tu inaweza kutiwa gundi kwa kisu na kubanwa. Iliyolainika yote ikatwe na kubadilishwa. Na ukuta wa nyuma usidharauliwe. Wengi huuacha wazi kwa sababu hauonekani, lakini ndio unaolizuia kabati lisiyumbe.

Jambo la sita ni wadudu. Ukiona matundu madogo na chini yake unga laini mpya, wadudu bado wanakula. Kipande hicho kikatwe na kuchomwa, kisiwekwe karibu na mbao nyingine. Wapo wanaopaka mafuta machafu ya gari ili kuwafukuza. Kwenye nguzo ya nje inaeleweka. Ndani ya kabati la unga na sahani ni sumu, na asiyekubali hilo asipewe kazi.

Mwisho, kabati lililotengenezwa lisirudishwe juu ya udongo. Goma ina mawe ya volkano kila mahali, na ni ya bure. Mawe manne bapa chini ya miguu, na nafasi ya vidole viwili kati ya kabati na ukuta ili hewa ipite, vitaongeza miaka ambayo hakuna vanishi inayoweza kuongeza.

Pesa inabaki wapi

Anayenunua kabati jipya analipa nini? Analipa mbao kwanza. Mbao nzuri za mvule, au libuyu ya jamaa ya mahogani, zinatoka mbali: Walikale, Beni, Ituri. Njiani kuna vizuizi, na kila kizuizi kina mtu anayedai chake. Mteja wa Goma au Bukavu anayalipa yote hayo ndani ya bei ya kabati. Kinachobaki kwa seremala ni kidogo.

Anayetengeneza la zamani analipa hasa mikono ya fundi. Vifaa ni vichache, na pesa nyingi inabaki mtaani: kwa fundi, kwa mama anayemuuzia fundi chakula, kwa duka la misumari. Benki zilipofunga milango Goma mwanzoni mwa mwaka 2025 na pesa ya mkononi ikawa adimu, ilionekana wazi jinsi pesa inayozunguka ndani ya avenyu moja ilivyo na maana.

Faida ya pili ni msitu, ingawa isitiwe chumvi. Kinachokula msitu wa Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925, ni makala zaidi kuliko makabati. Lakini mbao ngumu iliyomo ndani ya kabati la zamani imekatwa kwenye mti ambao kijana wa leo hataona ukikua tena mpaka ukubwa ule. Kuichoma ili kupika maharagwe ya jioni moja, halafu kununua mbao laini ya mwaka jana ambayo haijakauka, ni kubadilisha ng'ombe kwa kuku.

Faida ya tatu ni kazi kwa vijana. Mafunzo ya useremala mara nyingi huanza na kuisha kwenye kitu kipya: kiti, kitanda, meza. Kijana akimaliza anakosa pesa ya mbao za kuanzia, anauza vifaa vyake. Kama angefundishwa pia kutengeneza, asingehitaji mbao nyingi wala umeme, ambao hukatika. Msumeno, randa, patasi mbili, nyundo, keekee na kopo la gundi vinaingia ndani ya mfuko mmoja. Angeweza kuzunguka nyumba kwa nyumba, na mali ya kazi yake ingekuwa tayari ipo ndani ya nyumba za watu.

Heshima ya kutengeneza si kitu kigeni hapa. Chukudu ni mfano unaojulikana na kila mtoto wa Kivu ya Kaskazini. Hakuna anayetupa chukudu kwa sababu gurudumu limepasuka au mpini umevunjika. Kipande kinabadilishwa, na kesho yake inabeba tena magunia ya viazi. Sanamu yake inasimama katika mzunguko wa barabara mjini Goma. Watu wanaoheshimu chukudu kiasi hicho hawana sababu ya kulionea haya kabati lenye kiraka.

Misaada ifungue mlango kwa fundi

Mashariki mwa Kongo, UNICEF na mashirika yanayoshirikiana nayo yameshatumia masoko ya kuponi: familia inapewa kuponi zenye thamani fulani, wafanyabiashara wanapanga bidhaa, na kila mama anachagua anachohitaji, awe anataka sufuria, kitenge au bidoni. Mpango huo ulikuwa na busara, kwa sababu ulimwacha mhami achague. Kinachoombwa sasa ni kidogo: katika soko kama hilo, meza moja ipewe seremala. Mwenye kabati lililovunjika aweze kutoa kuponi yake apate bawaba, kufuli, gundi na kazi ya siku mbili. Asiye na kabati hatapoteza kitu. Ataendelea kuchukua sufuria.

Msingi wa ombi hili upo. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wahami wa ndani, zilizotolewa mwaka 1998, katika kanuni ya 29 zinasema viongozi wana wajibu wa kuwasaidia wanaorudi kupata tena mali waliyoiacha nyuma, kadiri inavyowezekana. Mara nyingi neno hilo "mali" husomwa kama shamba na nyumba tu. Kabati nalo ni mali. Kurudishiwa kabati lisilofunga ni kurudishiwa nusu.

Na kazi ianzie mahali pa wote. Shule nyingi zilikaliwa na wahami au na watu wenye silaha, na madawati yakachomwa kwa kukosa kuni. Kabati la shule linaloweka vitabu na orodha za wanafunzi, kabati la dawa la kituo cha afya, sanduku la karatasi za kijiji: hivyo vitengenezwe kwanza, na mafundi wa hapo hapo, wakiwemo wahami, walipwe kwa kazi hiyo. Kijiji kikiona kabati la dawa limesimama tena, wenye makabati yao nyumbani watajifunza bila semina.

Kuna pia jambo gumu ambalo viongozi wa vijiji wasilikwepe. Kabati la mhami mara nyingine linapatikana ndani ya nyumba ya jirani. Jirani anasema alilihifadhi, mwenyewe anasema liliporwa. Hapa seremala anaweza kusaidia zaidi ya kupiga randa. Fundi huijua kazi ya mkono wake: namna alivyokata ulimi wa mbao unaoingia kwenye tundu, namna alivyoweka kufuli. Baraza la kijiji limwite awe shahidi kabla kesi haijawa ugomvi wa kabila na kabila. Kwa upande mwingine, fundi anayepokea kabati bila kuuliza lilikotoka, akalipaka rangi mpya ili lisijulikane, anashiriki katika uporaji. Chama cha maseremala wa kila mtaa kiseme hivyo waziwazi.

Wanaopinga wana hoja

Wapo watakaouliza: watu wana njaa, nani anazungumzia makabati? Swali ni la haki. Hakuna kabati linalopaswa kutangulia chakula, dawa au maji safi. Lakini ombi hili halichukui unga wa mtu. Siku mbili za kazi zinazolipwa kwa fundi ni unga kwa watoto wa fundi, na kabati linalofunga ni unga wa familia nyingine usioliwa na panya. Tena msaada wa chakula unaisha. Mwenye kazi mkononi ana cha kuendelea nacho.

Wengine watauliza jambo zito zaidi: kwa nini kutengeneza kitu ambacho kesho kitaporwa au kuachwa tena? Hakuna anayeweza kuahidi kwamba barabara haitajaa magodoro tena. Lakini seremala anaweza kujibu kwa ufundi. Kabati linalotengenezwa leo lifungwe kwa skrubu na vijiti vinavyotoka, si kwa misumari na gundi kila mahali. Likifunguliwa liwe vipande vinne au vitano vinavyofungika kwa kamba na kubebwa na chukudu moja. Droo ya karatasi itoke peke yake, iwe na mshikio, mama aweze kuinyakua na kukimbia. Kumtengenezea mtu kitu kinachobebeka si kumtakia vita. Ni kukubali alikopita.

Wa tatu watasema mafundi ni waongo, na hapo pia kuna ukweli. Wapo wanaochanganya unga wa mbao na gundi, wanajaza palipooza, wanapaka rangi, na baada ya mwezi mguu unakatika. Dawa yake ni rahisi. Mteja aone kazi kabla ya rangi. Achome mbao kwa ncha ya msumari: ikizama kama kwenye mkate, imeoza bado. Bei iandikwe kwenye daftari kabla ya kazi kuanza, pamoja na nani ananunua gundi na bawaba, na siku ya kumaliza. Wateja nao wajitazame. Kabati lililoachwa kwa fundi miezi sita bila kulipwa linakula nafasi ya mtu anayeishi kwa kazi hiyo, na ndilo linalomfundisha kudai pesa yote mbele.

Si kila kabati litapona. La triplex nyembamba lililokaa msimu mzima ndani ya maji, au lile ambalo wadudu wamekula fremu nzima, lifunguliwe bawaba, kufuli na mbao chache zilizo nzima, na kinachobaki kiwe kuni kwa amani. Hukumu hiyo itolewe na mtu anayejua mbao, baada ya kukausha na kuchunguza, si na mwenye haraka ya kuwasha moto.

Kwa hiyo anayerudi kijijini wiki hii, akikuta kabati lake limelala uani, aliinue kutoka kwenye udongo, aliweke kivulini juu ya mawe manne, afungue milango yake, aokote bawaba na skrubu zilizoanguka azifunge ndani ya kitambaa. Hilo halihitaji pesa. Mkuu wa kijiji aandike majina ya maseremala waliopo, wenyeji na wahami pamoja. Na shirika litakalokuja na orodha ya vitu vya kugawa liulizwe, kabla ya turubai la kwanza kushushwa, kama orodha hiyo ina mstari mmoja wa fundi.